Chaki Juu ya Jiwe la Kikuyu

Kwa miaka kumi na moja nimekaa meza moja na Mwalimu Restuta Chibago, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikihamisha mawe yake ili nipate pa kuweka madaftari. Mimi nafundisha Hisabati na napenda meza iwe tupu. Yeye anafundisha Jiografia, na upande wake umejaa mawe yaliyobandikwa vikaratasi. Hili limeokotwa mlangoni kwa fundi cherehani, hili mtaroni nyuma ya soko, hili limetoka kwenye shimo la choo kipya cha jirani, wala haoni aibu kuliandika hivyo. Kuna siku kijiwe chake kimoja kiliingia kwenye sahani yangu ya makande nikakitafuna. Nilipiga ukelele, ofisi nzima ikanyamaza. Restuta akaniomba radhi, kisha akaniomba nikitoe mdomoni taratibu na nisikitupe, kwa sababu kilikuwa cha mtoto wa kidato cha kwanza na lazima kirudi.

Kurudi ndiyo sheria yake. Mwanafunzi anaruhusiwa kuokota jiwe lolote mjini Dodoma, isipokuwa la ukutani kwa watu, ilimradi aandike alipoliokota, nani alikuwepo, na lilikuwa limelala upande gani. Atakaa nalo muhula mzima, atalisoma, atalichora. Wiki ya kufunga shule atalirudisha palepale, na mwenzake atashuhudia. Nilimwambia mara nyingi kwamba hayo ni mambo ya kitoto. Nani atajua kokoto ya stendi imehamia huku mtaani kwetu Kikuyu?

"Kokoto yenyewe haijui," alinijibu, "lakini mtoto anajua."

Sheria hiyo aliitoa kwao, Haneti. Alikuwa na miaka saba alipookota jiwe jeupe linalong'aa shambani kwa baba yake, akalipeleka nyumbani akalifanya mtoto wake wa kubeba mgongoni. Kumbe lilikuwa jiwe la mpaka. Msimu wa kupanda ulipofika, jirani akalima mpaka pale alipodhani ni pake, baba yake Restuta akang'oa uwele wa jirani, na nyumba mbili zilizokuwa zikichota maji kisima kimoja zikakaa mpaka mavuno bila kusalimiana. Mama yake alipolikuta jiwe limefungwa kwenye kitambaa, hakumchapa. Alimbebesha, akampeleka shambani, akawaita wazee wa nyumba zote mbili wasimame watazame. Restuta anasema shimo lake lilikuwa bado lipo, lina umbo lilelile la jiwe. Aliliweka likaingia vizuri, na watu wazima wakaanza kuombana msamaha.

Shule yetu ipo Kikuyu, na jina lake naliacha. Watoto wetu wanafika kidato cha kwanza wakiamini kwamba miamba ni mambo ya kitabuni. Kitabu kina picha za milima ya barafu na volkano za nchi za watu, na maelezo yote ni Kiingereza, basi mtoto anakariri neno refu kama anavyokariri namba ya simu. Restuta akiingia darasani kipindi cha kwanza huwaambia, "Fungeni vitabu. Mtihani mmeukalia." Kisha anawatoa nje.

Kazi yake ya kwanza ni birika. Kila mtu achungulie birika la kwao, akwangue ule ukoko mweupe, alete kwenye karatasi. Watoto wanacheka, wanaleta. Hapo ndipo wanapojua kwamba maji ya kisima tunayolalamika kuwa yana chumvi yamepita kwenye miamba yakachukua vitu, na kwamba mama amekuwa akipika mwamba kidogokidogo kila asubuhi. Baada ya mvua ya kwanza anawapeleka mtaroni kuona mchanga ulivyojipanga, mnene ukibaki juu na mwembamba ukiteremka mbali. Ukuta wa darasa la kidato cha pili B una ufa. Restuta aliwafundisha watoto kuupima kwa rula kila mwezi, na wakaona wenyewe kwamba udongo mweusi wa chini ukinywa maji unavimba na ufa unabana, ukikauka ufa unafunguka. Waliniletea vipimo vya miaka minne nivichoree grafu. Hapo ndipo aliponikamata, maana nilikuwa sijawahi kuona grafu ya kweli imetoka kwenye ukuta wa shule yangu mwenyewe. Kuanzia siku hiyo nikawa namtania tu, simkatazi.

Lakini darasa lake hasa lilikuwa jiwe la nyuma.

Nyuma ya shule kuna korongo dogo, na ng'ambo ya korongo palikuwa na jiwe kubwa la graniti, mara tatu ya ofisi yetu kwa upana, na urefu wa kumfanya mtoto atazame juu. Lilikuwa na chembe za pinki na chembe nyeusi zinazometa, na katikati mkanda mweusi umelikatiza kutoka juu hadi chini. Restuta aliwapanga watoto alfajiri waweke viganja juu yake wahisi baridi, kisha akawarudisha saa saba mchana waguse tena. Waliruka kwa moto. "Linafanyiwa hivi kila siku," aliwaambia, "kwa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Wewe ungebaki mzima?" Kisha akawaonyesha maganda yanavyoachia, moja juu ya jingine, kama ya kitunguu.

Ganda kubwa la juu lilikuwa limelala kuelekea korongoni. Kila mwaka aliwachorea kwenye daftari jinsi lilivyokaa, mahali linaposhikiliwa, na upande litakakoteremkia siku likiachia.

"Lini, Madam?" waliuliza kila mwaka.

"Si enzi zetu," alijibu kila mwaka.

Julai ya mwaka juzi, katika ule upepo wa baridi unaojaza mchanga machoni, alikuta bikoni mbili mpya za kiwanja, moja kila upande wa jiwe, na namba ya rangi nyekundu imeandikwa juu ya mkanda mweusi. Alirudi ofisini akakaa bila kugusa mawe yake. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema jiwe limepata mwenyewe.

Mwenyewe aliitwa Mzee Optatus, karani mstaafu, mtu mpole kupita kiasi. Nilitamani sana awe mbaya ili tumchukie kwa raha. Tulimkuta amesimama na mwavuli, analitazama jiwe kama mtu aliyeletewa ng'ombe badala ya kuku.

"Shikamoo, mzee," Restuta alisema.

"Marahaba, Mwalimu. Karibuni kwenye kiwanja changu." Akacheka bila furaha. "Mimi nilionyeshwa ramani. Kwenye karatasi ni tambarare kabisa."

Restuta akamweleza. Alimweleza vizuri, kuanzia viganja mpaka maganda, na mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza na maswali. Kisha akasema, "Mwalimu, umenifundisha. Lakini mimi na mke wangu tumepanga nyumba ya watu miaka thelathini na mbili. Sasa niambie, nitajenga wapi? Juu yake?"

Hakuwa anabeza. Aliuliza kweli, akitaka jibu. Hati ilikuwa halali, kiwanja kilikuwa chake, na pa kwenda pengine hakuwa napo. Tuliagana kwa heshima zote.

Hapo ndipo Restuta alipoanza kuzunguka kwenye ofisi za serikali. Nilikwenda naye mara mbili, na mara zote mbili nilipandwa na hasira, maana hakuna aliyetutukana. Ningepata wa kutukana ningepona. Mwenyekiti wa mtaa alituletea viti na soda. Mtendaji alisema jambo hili ni zito, akatuelekeza kwingine. Huko kwingine tulimkuta Fredy, aliyesoma kwetu, akasimama wima nyuma ya meza yake.

"Shikamoo, Madam! Bado unawapeleka watoto kwenye jiwe?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya hilohilo."

Fredy alisaka kwenye makabrasha kwa moyo wake wote. Aliuliza kama lina michoro ya kale. Hapana. Kuna kaburi? Hapana. Chanzo cha maji, miti ya asili, mahali pa tambiko? Hapana, hapana, hapana.

"Sasa, Madam, niandike ni nini?"

"Andika ni jiwe," alisema Restuta.

Akaandika. Akagonga muhuri wa kupokea barua, na barua ikapokelewa. Nadhani mpaka leo imepokelewa.

Tukiwa njiani nilimwambia kwamba kwetu Kondoa miamba yenye michoro inalindwa na watu wanatoka mbali kuja kuitazama. "Tulichore twiga," nikasema. "Jumapili nyote mkiwa kanisani. Mimi siendi kanisani, nafasi ninayo, na twiga nawajua." Alicheka mpaka akashika nguzo ya umeme. Kisha kicheko kikaisha, na machozi ya kicheko yakaendelea kutoka bila kicheko, na mimi nikajuta kufungua mdomo.

"Nitawafundisha vipi ukweli kwa twiga wa uongo, Nasra?"

Mkuu wetu, Mwalimu Lameck, ndiye aliyefunga mlango wa mwisho, na aliufunga akiwa amefurahi. Mzee Optatus alikuwa ameahidi kwamba sehemu ya kokoto itakayotoka itakuja shuleni bure, kwa ajili ya sakafu na msingi wa maabara. "Maabara, Mwalimu Restuta! Si wewe uliyekuwa unaisemea kila kikao?" Na kweli ni yeye. Aliisemea miaka tisa. Alikaa kwenye kiti akasema, "Ahsante, Mkuu," nami nikamtazama nikaona mtu aliyebanwa mlangoni na kitu alichokiomba mwenyewe.

Agosti wapasuaji wakaja. Walikuwa wanawake sita na wanaume wawili, na aliyewaongoza aliitwa Tabu, mwanamke mrefu mwenye vidole vilivyofungwa vipande vya mpira wa tairi. Alitoka Mlali baada ya mahindi kumkaukia misimu miwili mfululizo, akaja mjini kupasua kokoto. Mwanawe Anyesi alikuwa kidato cha pili kwetu, na kama ungemwuliza Restuta ni mtoto gani katika maisha yake yote ya ualimu anayeona mwamba kama yeye anavyouona, angekwambia Anyesi bila kufikiri.

Restuta alivuka korongo siku ya kwanza. Nilidhani anakwenda kugombana, nikavaa viatu nimfuate nikamsaidie kugombana.

"Mbukwenyi!" aliwasalimu Kigogo.

"Mbukwa!" wakaitikia wote.

Tabu akafuta mikono kwenye kanga. "Mwalimu, utusamehe kwa moshi wa kuchoma mwamba. Tutajitahidi upepo ukielekea shuleni tusiwashe."

"Haya, mama Anyesi. Poleni na kazi."

Ikawa basi. Tulirudi, viatu vyangu vikiwa vimevaliwa bure.

Kazi yao ni hivi. Wanarundika kuni na matairi chakavu juu ya mwamba, wanawasha, mwamba ukishapata moto wa kutosha wanaumwagia maji au wanauacha upoe ghafla, halafu wanaingia na nyundo, tindo na mtarimbo. Ni somo la Restuta lilelile la asubuhi na saa saba mchana, ila wao hawana miaka bilioni mbili ya kusubiri. Moshi mweusi uliingia madarasani licha ya Tabu kujitahidi. Lakini jiwe lilikuwa gumu. Wiki ya kwanza walipata kokoto za kujaza kigari kimoja cha kirikuu. Wiki ya tatu bado lilionekana vilevile, limeungua tu juu. Wanaume wawili wakaacha wakaenda kupakia mchanga.

Restuta akaanza kupata rangi usoni. Hakusema, lakini kila asubuhi alisimama dirishani akalitazama, na mimi nilijua anahesabu. Mvua zingeanza Desemba, kuni zingelowa, watu wa Mlali wangerudi kulima. Mzee Optatus huenda angechoka akabadilishana kiwanja. Alikuwa amekata tamaa na watu wote, akabaki na tumaini moja tu, ugumu wa jiwe lenyewe. Siku moja alisema, "Linajitetea," kwa sauti ndogo ya kuona haya. Nami, mwalimu wa Hisabati, nikaliombea dua.

Siku ya Jumatano, saa nne, kengele ya mapumziko imegonga tu, Anyesi aliingia ofisini na daftari kifuani. Hata kwa hofu aliyokuwa nayo alisalimu kwanza.

"Shikamoo, Madam. Shikamoo, Madam Nasra."

"Marahaba. Nini, mwanangu?"

Alifungua daftari kwenye ule mchoro wa ganda. "Madam, si ulisema ganda limelala upande wa korongo, na linashikiliwa hapa chini? Mama na wenzake wamehamia huko chini tangu Jumatatu. Wanasema kunabanduka kirahisi, na kuna kivuli. Jana waliwasha moto humohumo ndani. Sasa hivi wamekaa wanagonga kokoto."

Restuta hakuuliza swali la pili. Ana miaka hamsini na minne na magoti mabovu, lakini alivuka lile korongo nikiwa nyuma yake nahema. Wanawake sita walikuwa wamekaa mstari mmoja chini ya ganda, kwenye kivuli, nyundo zinalia, kitoto cha mmoja wao kimelala juu ya kitenge. Juu yao, mahali ambapo mwezi uliopita kulikuwa na ufa wa kupitisha ncha ya kalamu, Restuta aliingiza mkono. Uliingia mpaka kifundoni.

Alipiga kelele kwa Kigogo. Sikuelewa neno hata moja, lakini wanawake walichupa kama waliomwagiwa maji ya moto, kitoto kikanyakuliwa, nyundo zikaachwa palepale. Tukasimama mbali sote. Hakuna kilichoanguka. Jiwe lilikaa kimya, na baada ya muda wakaanza kujiona wajinga kwa kukimbia, na mmoja akacheka.

Restuta akawaeleza kwa Kiswahili nami nikasikia. Akawaonyesha kwamba wanachokikwangua ndicho kinacholishikilia ganda zima. Linaweza kuachia leo, linaweza kuachia baada ya wiki mbili, na litateremkia walipokaa.

"Basi hatutarudi chini," alisema Tabu. "Lakini juu ni gumu, Mwalimu. Nyundo inaruka tu. Tupige wapi?"

"Acheni kabisa. Mwambieni mzee limeshindikana."

Tabu alimtazama. Hakumtazama kwa ubaya. "Mwalimu, mimi nikiacha, kesho kutwa watashushwa watu wengine hapa, na wao watapenda kivuli kama sisi. Nao hawana mtoto kwako wa kukuletea habari."

Nimemwona Restuta akikwama mara nyingi, lakini siku ile niliona mtu hana pa kugeukia hata hatua moja. Akisema pa kupiga, jiwe limekwisha. Asiposema, kuna mtu atakufa chini yake, leo au kesho kutwa, mama wa mtu fulani. Na katika Dodoma nzima, kwa jiwe lile, aliyejua ni yeye peke yake. Kama asingelipenda asingejua.

Alinigeukia. "Nasra, niambie kitu."

Mimi niliye na jibu la kila kitu, ninayebishana na makondakta na wakaguzi, nilimshika kiwiko tu.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti akatoa kipande cha chaki. Alizunguka kwa nyuma, akapanda polepole kwa magoti yale, Tabu akimsukuma mgongoni, mpaka pale ganda lilipokutana na mkanda mweusi. Akapuliza vumbi. Akaweka kiganja pale kidogo. Kisha akachora mstari, umenyooka, urefu wa mikono miwili, kama anavyochora ubaoni.

"Hapa," alisema. "Tindo zote ziingie kwenye mstari huu, mzipige kwa zamu, mkiwa upande huu wa nyuma. Chini asiwepo mtu. Hata mbuzi asiwepo."

Walianza saa sita. Mwalimu Lameck aliamuru wanafunzi wote wasimame kwenye uzio, mbali. Saa tisa na dakika chache tulisikia mlio mmoja mfupi, halafu kimya, halafu ganda lote likateremka. Liliteremka taratibu kuliko nilivyotegemea, kuelekea korongoni, palepale kwenye mchoro, na ardhi ikatikisika mpaka madirisha ya pili B yakalia. Vumbi lilipotulia tukaona ndani ya jiwe, pinki mbichi, mahali ambapo jua halijawahi kufika tangu dunia iwe dunia. Nyundo zilizoachwa asubuhi zilikuwa chini ya vifusi pamoja na kile kitenge.

Mtoto mmoja akapiga makofi. Kisha darasa zima likapiga, kisha shule nzima, maana ilikuwa imetokea sawasawa na alivyowafundisha. "Madam, practical bora kuliko zote!" mmoja alipaza sauti, na hakuwa na kosa lolote. Restuta alisimama katikati ya makofi na mikono yenye chaki. Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya watoto, na nilitaka kuwanyamazisha wote kwa fimbo.

Baada ya hapo halikuwa na ubishi. Likishabanduka ganda la juu, yaliyobaki yalifuata nyufa zake, na wiki tatu zilitosha. Tabu alikuja ofisini na karanga mbichi kwenye kikapu, akapiga goti kushukuru. Mzee Optatus alituma salamu kwamba mwalimu yule Mungu ambariki, amewaokolea watu. Kwenye paredi Mwalimu Lameck alimtaja Restuta kuwa mfano wa mtumishi anayeunga mkono maendeleo, na malori yakamwaga kokoto mbele ya maabara. Kila mmoja alisema kweli.

Wiki ya kufunga shule ilifika, na sheria ni sheria. Watoto walipanga mstari mezani petu wakichukua mawe yao, kila mmoja na kikaratasi chake na shahidi wake. Wa fundi cherehani akaenda. Wa mtaroni akaenda. Walibaki kumi na wanne, Anyesi mbele yao, kila mmoja ameshika kipande cha pinki alichookota Agosti chini ya jiwe la nyuma. Kutoka dirishani tuliona mitaro ya msingi wa nyumba imechimbwa, na Mzee Optatus akizungukazunguka na mwavuli wake, amefurahi.

"Madam," alisema Anyesi, "hili nilirudishe wapi?"

Restuta alilipokea. Akaligeuzageuza, akasoma kikaratasi, ambacho mtoto alikuwa ameandika vizuri sana, chini ya ganda, upande wa korongo, lilikuwa limelala kwa ubapa, Mama alikuwepo. Niliona anatazama nje akitafuta pale mahali kwa macho. Hata korongo lilikuwa limejazwa vifusi. Watoto kumi na wanne walisubiri, maana hajawahi kuulizwa jambo la jiwe akakosa jibu. Nilichukua madaftari yangu nikajifanya nasahihisha.

"Kaa nalo," alisema mwishowe, akamrudishia mkononi. "Kaa nalo kwanza, nifikirie."

Anyesi sasa yupo kidato cha nne. Jiwe bado analo kwenye begi, limefungwa kwenye kitambaa. Kila wiki ya kufunga shule anakuja mezani petu kuuliza, na kila mara Restuta anamwambia asubiri kidogo.